Dkt Andersen: Mwanamke aliyenyimwa kisu cha upasuaji, akamfichua muuaji wa watoto

KATIKA mwaka wa 1938, jarida moja la matibabu ya watoto nchini Marekani lilichapisha makala kuhusu watoto wadogo waliofariki wakiwa wamekonda, matumbo yamefura na mapafu yamejaa usaha.

Mwandishi wa makala hayo alikuwa Dkt Dorothy Hansine Andersen, mwanamke wa umri wa miaka 37 aliyekuwa akichunguza maiti katika hospitali ya watoto ya Babies Hospital, jijini New York.

Hadi wakati huo, watoto wa aina hiyo walikuwa wakizikwa kwa majina ya maradhi mengine. Baadhi walisemekana kuuawa na nimonia, wengine utapiamlo, na wengine ugonjwa wa seliaki ambao huvuruga uwezo wa utumbo kufyonza chakula.

Andersen alionyesha kuwa nyuma ya majina hayo yote ulijificha ugonjwa mmoja ambao madaktari wengi hawakuwa na habari nao. Leo ugonjwa huo unajulikana kama sistiki fibrosisi, na kwa zaidi ya miaka 80 sasa umewatoa jasho wanasayansi, hasa kwa sababu ya bakteria ambao wakishaingia katika mapafu ya mgonjwa hukataa katakata kutoka.

Yatima aliyejilea

Andersen alizaliwa mnamo Mei 15, 1901 katika mji wa Asheville, jimbo la North Carolina. Alikuwa mtoto wa pekee. Babake, Hans Peter Andersen, alikuwa mhamiaji kutoka kisiwa cha Bornholm nchini Denmark, naye mamake, Mary Louise Mason, alitoka katika ukoo wenye jina kubwa huko New Hampshire.

Msiba haukuchelewa kubisha hodi. Babake alifariki mwaka wa 1914, na binti huyo wa miaka 13 akabaki na mzigo wa kumuuguza mama aliyekuwa dhaifu wa afya. Wawili hao walihamia mji wa St. Johnsbury, jimbo la Vermont. Mwaka wa 1920 mama naye akaaga dunia.

Bila mzazi wala ndugu wa kumshika mkono, msichana huyo hakuyaacha masomo. Alihitimu kutoka Chuo cha Mount Holyoke mwaka wa 1922, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kusomea udaktari.

Huko alipata bahati ya kufanya utafiti chini ya Florence Sabin, mmoja wa wanawake wachache waliokuwa wamefikia cheo cha uprofesa katika taaluma ya tiba wakati huo. Andersen alichapisha makala mawili ya kisayansi angali mwanafunzi, na mwaka wa 1926 akafuzu kuwa daktari.

Nia yake ilikuwa kuwa mpasuaji. Alifundisha anatomia kwa mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Rochester, kisha akafanya kazi ya mazoezi katika idara ya upasuaji ya Hospitali ya Strong Memorial mjini humo. Hata hivyo, alipotaka kuendelea hadi kiwango cha ubingwa, alifungiwa mlango. Kosa lake lilikuwa kwamba yeye ni mwanamke.

Wahenga walinena kuwa mlango mmoja ukifungwa, mwingine hufunguka. Mwaka wa 1929 Andersen alielekea Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York na kuajiriwa kama msaidizi wa utafiti katika idara ya patholojia, taaluma inayochunguza jinsi maradhi yanavyoharibu viungo vya mwili. Mwaka wa 1935 alipata shahada ya juu zaidi ya sayansi ya tiba, na mwaka uo huo akapewa kazi ya mwanapatholojia katika Babies Hospital.

Kwa njia hiyo, mwanamke aliyenyimwa kisu cha kuwapasua walio hai alikabidhiwa kile cha kuwapasua waliokwisha kufa.

Kongosho lililogeuka makovu

Siku moja mezani pake uliletwa mwili wa mtoto ambaye madaktari waliamini aliuawa na seliaki. Andersen alipolichunguza kongosho la mtoto huyo chini ya hadubini, aliona jambo ambalo halikuafikiana na maelezo hayo. Kongosho lilikuwa limejaa vifuko vidogo vya maji na makovu magumu, na sehemu zinazotengeneza vimeng'enya vya kusagia chakula zilikuwa zimeharibika.

Mtu mwingine angeandika ripoti yake na kuendelea na mwili uliofuata. Andersen alianza kupekuapekua. Alizifukua rekodi za maiti zilizokuwa zimehifadhiwa hospitalini, akasoma maandishi ya watafiti wengine na kukusanya visa vilivyofanana na kile alichokiona.

Mwishowe alikuwa na visa vya watoto 49. Hao ndio waliokuwa msingi wa makala yake ya mwaka wa 1938.

Ni kweli kwamba daktari wa Uswisi, Guido Fanconi, pamoja na wenzake, walikuwa wameandika kuhusu watoto wa namna hiyo mwaka wa 1936. Lakini Andersen ndiye aliyeuchora ugonjwa mzima, kutoka dalili hadi uharibifu wa viungo, na kuutenganisha waziwazi na seliaki. Kazi hiyo ilimletea tuzo ya E. Mead Johnson, mojawapo ya tuzo zinazoheshimiwa sana katika tiba ya watoto nchini Marekani.

Si kila alilodhani lilikuwa sahihi. Aliona kuwa mapafu ya watoto hao yalikuwa yameziba kwa ute mzito na usaha, akakisia kuwa chanzo kilikuwa upungufu wa vitamini A, kwa vile mtoto asiye na vimeng'enya vya kongosho hashiki mafuta wala vitamini zilizomo ndani ya mafuta hayo. Utafiti wa baadaye ulibainisha kuwa ute huo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Katika miaka ya 1940, Sidney Farber wa Boston alieleza kuwa tatizo lilikuwa ute mzito katika viungo vingi vya mwili, wala si kongosho pekee.

Kuwatambua wangali hai

Kuujua ugonjwa baada ya mtoto kufa ni faraja haba kwa mzazi. Andersen alilielewa hilo, na ingawa hakuwa ameajiriwa kutibu, alitoka chumba cha maiti na kwenda wodini.

Alibuni njia ya kupitisha mpira mwembamba kupitia kinywani mwa mtoto hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, ili kuchota majimaji na kupima kama yana vimeng'enya vya kongosho. Yakikosekana, daktari angejua anapambana na nini kabla maji hayajazidi unga. Kipimo hicho kilikuwa kigumu kwa mtoto na kwa mpimaji, lakini kilikuwa cha kwanza kumwezesha daktari kuutambua ugonjwa huo mgonjwa angali hai.

Aliwapangia watoto lishe yenye protini nyingi na mafuta machache, akawaongezea vitamini na dawa za kongosho zilizotokana na wanyama. Wengi wao walianza kunenepa.

Hata hivyo, kilichowaua zaidi hakikuwa njaa. Walikuwa wakiuawa na mapafu.

Vita dhidi ya bakteria

Katika mapafu ya mtu mzima wa afya, ute mwepesi hunasa vumbi na viini, na vinyweleo vidogo mno vikausukuma kuelekea kooni ili utemwe au umezwe. Kwa mgonjwa wa sistiki fibrosisi, ute huo huwa mzito kama gundi na hausukumiki. Bakteria aliyenaswa humo hupata makao, chakula na ulinzi.

Bakteria ambaye Andersen alimwona mara nyingi zaidi katika mapafu ya watoto hao alikuwa stafilokoka, yule yule anayesababisha majipu ya ngozi. Kabla ya kuwapo dawa, daktari hakuwa na la kufanya ila kutazama.

Dawa za salfa zilipopatikana, na baadaye penisilini, Andersen hakusita kuzijaribu. Mwaka wa 1946 yeye na mwenzake, Dkt Paul di Sant'Agnese, walichapisha matokeo ya kutumia dawa hizo kwa wagonjwa wenye maambukizi ya mapafu, ikiwemo penisilini iliyogeuzwa kuwa mvuke ili mtoto aivute moja kwa moja hadi kifuani.

Mantiki yao ilikuwa rahisi. Ikiwa adui amejificha katika vijia vya hewa, basi dawa nayo ipitie njia ya hewa. Wazo hilo lingali linatumika katika hospitali za leo, kwani mwaka wa 1997 Marekani iliidhinisha dawa ya tobramisini ya kuvutwa kwa wagonjwa wa aina hiyo hiyo.

Watoto waliotibiwa hivyo walipata nafuu na kuongezewa miaka. Lakini nafuu haikuwa tiba. Homa ilishuka, kikohozi kikapungua, na baada ya muda maambukizi yakarejea.

Mwaka wa 1946 vilevile, Andersen alichapisha utafiti mwingine, akishirikiana na mtafiti aliyeitwa Hodges, kuhusu jinsi ugonjwa huo unavyopita katika familia. Walibaini kwamba ulirithiwa, na kwamba mtoto huupata anapopokea kasoro kutoka kwa baba na mama ambao wao wenyewe hawaugui. Ugunduzi huo uliwaondolea akina mama wengi lawama ya kwamba waliwalea watoto wao vibaya.

Joto la 1948

Agosti 1948, jiji la New York lilikumbwa na joto kali. Watoto walikuwa wakiletwa hospitalini wakiwa wamezimia kwa kukaukiwa maji mwilini. Dkt Walter Kessler na Andersen walitambua kuwa wenye sistiki fibrosisi walikuwa wengi mno miongoni mwao, na matokeo yao yakachapishwa mwaka wa 1951.

Tangu zamani, wenyeji wa sehemu kadhaa za Ulaya walikuwa na imani kwamba mtoto ambaye paji lake la uso lina ladha ya chumvi linapobusiwa hataishi maisha marefu. Sayansi ilikuwa sasa imefika mlangoni pa imani hiyo.

Mwaka wa 1953, di Sant'Agnese na wenzake, akiwemo Andersen, walithibitisha kuwa jasho la wagonjwa lina chumvi nyingi mara kadhaa kuliko la watu wengine. Kufikia mwaka wa 1959, Lewis Gibson na Robert Cooke wa Johns Hopkins, chuo alikosomea Andersen, walikuwa wamebuni njia salama ya kutoa jasho kwa kutumia dawa na umeme hafifu. Kipimo hicho cha jasho kingali nguzo ya kuutambua ugonjwa huo duniani kote.

Historia imempa di Sant'Agnese sifa kubwa kwa ugunduzi wa jasho, naye aliistahili. Lakini mara nyingi imesahauliwa kuwa mtoto aliyezimia kwa joto alionekana kwanza katika hospitali ambako Andersen alikuwa amefanya kazi kwa zaidi ya miaka 10, akiwazoesha wenzake kuutafuta ugonjwa ambao wasingeuwazia.

Moyo, ini na shoka

Kazi yake haikuishia hapo. Alikuwa amekusanya mioyo ya watoto waliozaliwa na kasoro, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia aliitumia kuwafundisha wapasuaji waliokuwa wakijitayarisha kuupasua moyo. Wanaume walioshika kisu ambacho yeye alinyimwa walikuja kuketi darasani mwake.

Mwaka wa 1956 alieleza kuhusu ugonjwa adimu wa kurithi ambapo mwili huhifadhi sukari yenye umbo lisilo la kawaida, hasa katika ini. Hadi leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake.

Nje ya kazi, Andersen alikuwa mtu wa kuwashangaza majirani. Hakuolewa. Alikuwa na shamba katika milima ya Kittatinny, jimbo la New Jersey, ambako alifanya useremala, akaezeka paa na kujenga meko kwa mikono yake mwenyewe. Alipenda kupanda milima na kupiga makasia.

Wapo waliomsengenya kwa nywele zisizochanwa vizuri, nguo zisizo za fasheni na jivu la sigara lililotapakaa katika maabara yake. Waliofanya kazi naye walimjua kuwa mkarimu, na kwamba ndani ya vurugu hiyo ya makaratasi alijua kila kitu kilipo.

Mwaka wa 1952 alifanywa mkuu wa patholojia katika Babies Hospital, na mwaka wa 1958 akawa profesa kamili katika Chuo Kikuu cha Columbia, miaka 29 tangu aingie humo kama msaidizi.

Mwaka mmoja baadaye, yeye na di Sant'Agnese walichapisha makala kuhusu wagonjwa wa sistiki fibrosisi waliofikia utu uzima. Aliyeanza kwa kuhesabu maiti za watoto sasa alikuwa akiandika kuhusu vijana waliobaleghe.

Machi 3, 1963, Dkt Andersen alifariki jijini New York kutokana na saratani ya mapafu. Alikuwa na umri wa miaka 61.

Adui aliyebadilisha sura

Vita alivyoviacha havikumalizika. Dawa zilipomdhibiti stafilokoka, nafasi yake ilichukuliwa na bakteria mwingine anayeitwa sudomonasi, ambaye huishi katika udongo na maji na ambaye kwa kawaida hamdhuru mtu mwenye afya.

Katika mapafu ya mgonjwa wa sistiki fibrosisi, sudomonasi hubadilika tabia. Hujifunika kwa utando mzito wa ute na kuishi kwa makundi yaliyoshikamana. Katika miaka ya 1970, Niels Høiby na wenzake mjini Copenhagen, katika nchi ya asili ya babake Andersen, waliyaona makundi hayo ndani ya makohozi ya wagonjwa wao.

Ugunduzi huo ulisaidia kueleza kitendawili kilichowasumbua madaktari. Dawa iliyomwangamiza bakteria kwa urahisi katika kichupa cha maabara ilishindwa kumwua kifuani mwa mgonjwa. Bakteria waliojibanza ndani ya utando huweza kustahimili dawa kwa kiwango cha mara mamia, hata mara elfu moja, ikilinganishwa na wanaoelea peke yao.

Aidha, ndani ya ute huo mzito hewa ya oksijeni huwa haba. Bakteria hupunguza kasi ya kukua, ilhali dawa nyingi huwaua wale wanaokua kwa haraka. Baadhi yao pia hubadilika kijeni upesi kuliko kawaida, hivi kwamba dawa ya leo haifui dafu kesho.

Askari wa mwili nao huzidisha madhara. Chembe nyeupe za damu hufurika kifuani kupigana, zikashindwa kuwafikia bakteria walio ndani ya utando, na badala yake zikamwaga kemikali zinazoliharibu pafu lenyewe. Ndovu wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Madaktari wa Denmark waliamua kumwahi adui kabla hajajenga ngome. Waliwatenganisha wagonjwa kulingana na bakteria walio nao ili wasiambukizane, na wakaanza matibabu mara tu sudomonasi alipoonekana. Mwaka wa 1991 walionyesha kuwa kolistini ya kuvutwa pamoja na tembe za siprofloksasini, zikitolewa mapema, huchelewesha maambukizi ya kudumu.

Mwaka wa 1989, watafiti wa Canada na Marekani wakiongozwa na Lap-Chee Tsui, Francis Collins na John Riordan walitangaza kupatikana kwa jeni ya ugonjwa huo. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza mlango wa kupitishia chumvi katika chembe za mwili. Mlango ukiharibika, maji hayafuati chumvi inavyostahili, na ute hukauka.

Tangu mwaka wa 2012 kumekuwapo dawa zinazourekebisha mlango huo kwa baadhi ya wagonjwa, na mseto wa dawa 3 ulioidhinishwa Marekani mwaka wa 2019 umebadilisha maisha ya wengi. Hata hivyo, wagonjwa wengi wanaotumia dawa hizo wamepatikana wangali na bakteria wale wale wa zamani, japo kwa idadi ndogo.

Funzo kwa Afrika

Kwa miaka mingi, sistiki fibrosisi ilichukuliwa kuwa ugonjwa wa Wazungu peke yao. Dhana hiyo si sahihi. Utafiti nchini Afrika Kusini umeonyesha kuwa watu weusi pia huugua, ingawa kasoro ya jeni iliyo ya kawaida zaidi kwao ni tofauti na ile iliyoenea Ulaya. Kipimo cha jeni kilichotengenezwa kwa kuwafikiria Wazungu kinaweza kumpita mtoto wa Kiafrika bila kumtambua.

Katika nchi nyingi za bara hili, kipimo cha jasho hakipatikani kwa urahisi. Mtoto anayekohoa bila kukoma, anayeharisha kinyesi chenye mafuta na asiyeongeza uzani anaweza kuhesabiwa kuwa na kifua kikuu, nimonia au utapiamlo, maradhi ambayo kwa kweli ndiyo yaliyo mengi. Ni rahisi kwa wachache kupotea ndani ya wengi.

Hata dawa mpya zina kizingiti chake. Mseto wa mwaka wa 2019 ulitangazwa kwa bei ya zaidi ya dola 300,000 za Marekani kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, kiasi ambacho familia nyingi haziwezi hata kukiota.

Hapo ndipo maisha ya Andersen yanapozungumza na daktari wa leo. Hakuwa na mashine za kusoma jeni wala mamilioni ya fedha. Alikuwa na hadubini, mafaili ya zamani na ukaidi wa kutokubali jina la ugonjwa lililoandikwa kwenye cheti eti kwa kuwa limezoeleka.

Leo, mtoto anayezaliwa na ugonjwa huo nchini Marekani na kupata matibabu kamili anatazamiwa kuishi zaidi ya miaka 60, takribani umri aliofikia Andersen mwenyewe. Wale 49 aliowaandika mwaka wa 1938 hawakuipata nafasi hiyo. Wenzao wasiotambuliwa, wanaozikwa hadi sasa kwa jina la nimonia, wanamhitaji mtu wa kuuliza swali alilouliza yeye.